Chai Iliyonyeshewa

*Murugan ni msaada wetu*

Shamba la Kalmalai, Haputale
19 Agosti 1973

Mdogo wangu Sangili,

Sisi huku tu wazima, nami sitalala vizuri mpaka nisikie kuwa nanyi ni wazima: wewe, wifi yangu Ramayi, na binti yako Pavunu. Mwaka umepita tangu treni iwachukue kuwapeleka India, nchi ambayo serikali mbili zimesema ni yenu na hamjawahi kuiona. Hadi leo filimbi ikilia pale stesheni nashika ukuta.

Upepo umefika. Unaujua. Unapita pengo la mlima ukipiga kelele, mkavu kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Jani limejikunja, halikui, limebana pumzi. Mimi nilitaka tukuchumie chai yako Jumatatu. Mwanangu Ayyakannu akanicheka. "Mama, jani halijasikia kiu bado. Unataka kumpelekea mjomba nyasi?" Jumatano nikasema tena. "Bado." Alhamisi nikamwambia ukingoja zaidi mjomba wako atatafuna ngozi ya ng'ombe. Ijumaa asubuhi akatazama wingu upande wa mashariki, akapanda mlima mbio na kikapu changu mgongoni kama mwanamke, wachumaji wenzangu wakampigia vigelegele: "Bwana harusi, umevaa nini!" Alijua wingu likidondosha hata manyunyu harufu yote inaoshwa, na hairudi mpaka mwakani. Nyapara alijifanya haoni.

Ameinyausha mlangoni juu ya magunia, upepo wenyewe ukaifanya kazi. Ameisokota kwenye jiwe la kusagia pilipili. Tumeliosha! Usidai tena kuwa inawasha.

Posho imepungua kidogo, lakini tunaishi. Pasi zetu za kusafiria bado. Zikitoka tu tunapanda treni na kuja. Sijasahau tambuu ulilonitia kiganjani pale stesheni mbele ya watu, ukasema Pavunu ni wa Ayyakannu, kama ilivyo haki ya mtoto wa dada kwa binti wa mjomba wake. Nalitunza neno hilo kuliko nyumba.

Dada yako,
Pechiyamma

*Mjomba, mwambie Pavunu asitie maziwa. Chai ya upepo ukiitia maziwa inalia. Ni mimi, Ayyakannu.*

&nbsp;

*Murugan ni msaada wetu*

Kotagiri, Milima ya Nilgiri
27 Januari 1974

Dada yangu mpenzi,

Salamu zako zimefika, na sisi tu wazima kwa rehema za Murugan.

Nilipofungua kile kifurushi, Ramayi akaita kutoka jikoni, "Nani kaja?" Akafikiri mgeni kaingia! Ndivyo harufu ilivyojaa chumbani. Nikanywa funda moja, ile baridi yake, kama ya mnanaa, ikapanda puani mpaka kwenye paji la uso, nikatoka nje nisije nikaonekana na machozi. Pavunu alikunywa kavu kama alivyoamriwa. Mama yake akamtania, "Hujaolewa bado unatii hivyo, ukiolewa itakuwaje?" Akajifunika uso na ukingo wa sari.

Mambo yetu ni mazuri. Nimepata kazi kiwandani, sehemu ya kunyausha majani. Nyumba ina bati jipya. Huku hakuna upepo kama wetu, kuna jalidi, umande unaoganda usiku wa Desemba. Jani lililopitiwa na baridi ile bila kuungua ndilo linalotafutwa, lina harufu ya maua, na rangi yake kikombeni ni nyepesi kama asali ya nyuki wadogo. Nawatumia kidogo, nimeisimamia mwenyewe.

Mwambie mkwe wangu aharakishe hizo pasi. Pavunu anakwenda miaka ishirini na watu wana macho.

Ndugu yako,
Sangilimuthu

&nbsp;

*Murugan ni msaada wetu*

Kalmalai
30 Machi 1974

Mdogo wangu,

Chai yako tumekunywa, tukamwekea na mungu wetu Mama Mariamma pale hekaluni kikombe cha kwanza. Asante.

Sasa nikuulize, na usinune. Jalidi umeiweka wapi? Nimeitafuta mdomoni sikuiona. Nimeona wekundu, na vumbi, na nguvu nyingi kama chai ya mvua ya Novemba. Ayyakannu alisema, "Labda mjomba kafunga pakiti isiyo yake." Nikamwambia nyamaza, mjomba wako alikuwa anajua jani ulipokuwa hujui kutambaa.

Na barua yako inanuka mkaratusi. Ya mtu wa kiwandani ingenuka majani. Sikuulizi zaidi. Ukitaka kuniambia, masikio yangu yako palepale.

Huku si kuzuri. Unga umekuwa wa kugawana kwa kikombe, mchele tunausikia tu. Shamba wanasema litachukuliwa na serikali, basi wenye nalo hawajali tena kama tunakula. Wanaume wanashuka bondeni kuchimba mizizi ya mwituni. Mzee wa chumba cha pili amefariki, na mjukuu wake baada yake. Nafunga kila Jumanne kwa ajili ya Murugan. Zamani ilikuwa ibada, siku hizi hata asiyefunga amefunga. Ayyakannu amekonda, lakini mdomo haujakonda.

Dada yako,
Pechiyamma

*Mjomba, nimejifunza kupika shina la mgomba. Pavunu ajiandae kutapika siku ya kwanza. Siku ya pili atazoea. A.*

&nbsp;

*Murugan ni msaada wetu*

Kotagiri
11 Agosti 1974

Dada,

Kimya hiki ni cha nini? Tangu barua ile ya Machi sijapata hata mstari. Naenda posta mpaka karani ananiona kwa mbali na kutikisa kichwa kabla sijafika.

Mkaratusi umejaa kila mahali huku, Dada. Hata ukifua shati linanuka mkaratusi.

Nina jambo. Kuna kijana anaitwa Masanam, dereva wa lori la magogo. Mtu wa kwetu, wazazi wake nao walirudishwa kutoka Lanka. Hanywi pombe, husali. Mama yake amekuja mara mbili na matunda, akakaa, akamtazama Pavunu akimimina chai. Nimemwambia ukweli: binti ni wa mtoto wa dada yangu. Akanijibu, "Haki ni haki, baba. Lakini haki inayokaa ng'ambo ya bahari inakula siku za msichana."

Nikamuuliza Pavunu. Akasema, "Baba, mimi nangoja chai ya Agosti."

Basi tafadhali. Pasi zimefika wapi? Na mwambie Ayyakannu aandike mstari wake chini kama kawaida. Msichana huanza kusoma kutoka chini.

Ndugu yako,
Sangilimuthu

&nbsp;

Kalmalai
20 Oktoba 1974

Mdogo wangu Sangili,

Barua yako ilichelewa njiani. Nisamehe kwa kimya, kazi ni nyingi na macho yangu si mazuri jioni.

Ayyakannu ni mzima. Ameumia mkono wa kulia, ndiyo maana haandiki. Utapona. Anawasalimu wote. Pasi wanasema zi karibu, labda mwanzo wa mwaka. Usimpe mtu mwingine Pavunu. Neno lilikwisha kutoka, na tambuu lilikwisha kuliwa.

Nakutumia chai ya mwaka huu. Aliitengeneza yeye mwezi wa Agosti, upepo ulikuwa mzuri. Asitie maziwa.

Dada yako,
Pechiyamma

&nbsp;

*Murugan ni msaada wetu*

Kotagiri
8 Desemba 1974

Dada,

Nimeandika barua hii mara tatu na kuichana, kwa sababu sijawahi kusema nawe kwa ukali tangu tuzaliwe. Leo nitasema.

Chai hii imenyeshewa.

Mimi na wewe tumekulia chini ya kichaka kimoja, mama yetu akituacha pale akichuma. Mtu mwingine ungemdanganya. Nimeinusa, haikuniambia kitu. Nimeipika, ikatoka nyekundu, laini, imejaa maji. Ni jani lililokunywa likashiba, likakua haraka haraka. Na halikunyaushwa na upepo wowote, limekaushiwa juu ya meko, lina moshi. Unasema Agosti! Hiyo ni chai ya Oktoba. Na unasema Ayyakannu. Ayyakannu angewatupia mbuzi majani yale kabla hajamtumia Pavunu.

Pavunu alikunywa nusu, akaweka kikombe chini taratibu, akaenda kuteka maji, na maji yalikuwapo.

Halafu barua yenyewe. Hukuweka hata jina la Murugan juu yake. Wewe! Unayeandika jina lake hata kwenye orodha ya sokoni!

Basi na mimi nitakwambia la kwangu, ili usiseme nakuhukumu nikiwa safi. Sifanyi kazi kiwandani. Tulipofika hatukupewa shamba wala kiwanda. Ninakata mikaratusi kwenye msitu wa mkandarasi, tunakaa kwenye kibanda cha matawi, na chai ile ya jalidi niliinunua dukani, vumbi la kufagiwa. Ulijua. Najua kwamba ulijua. Nilikudanganya kwa aibu, nisikukatishe tamaa ya kuja.

Wewe unanidanganya kwa nini? Nimefikiri usiku na mchana na jibu ni moja. Kijana amepata mwanamke. Ametorokea Colombo, na wewe unamfunika kwa sari yako kama ulivyomfunika utotoni alipoiba sukari. Mama Masanam aliponiuliza nikamwambia hivyohivyo: mpwa wangu amekimbilia Colombo na mwanamke. Hasira zilinishinda.

Lakini hasira yangu haimwachilii binti. Wewe tu, shangazi yake, ndiye unayeweza kusema neno, kwa mkono wako. Bila neno lako hakuna nyumba itakayompokea, wataogopa mwenye haki yake atatokea mlangoni siku moja na panga. Masanam amesema atangoja. Hakusema atangoja milele.

Mwambie mwanao amfungue binti yangu. Kama ana haya.

Sangilimuthu

&nbsp;

Kalmalai
12 Januari 1975

Sangili, barua hii usiiingize ndani. Kama umeshaingia nayo, toka. Isome chini ya mti, ichane, halafu oga kabla hujagusa mlango. Waambie na Ramayi na Pavunu waoge.

Umeelewa sasa.

Ilikuwa mwisho wa Julai. Walishuka bondeni kuchimba, mwanangu akarudi na mizizi, akanipa ile mizuri na kula ile myeusi. Nilimwambia iache. "Mama, tumbo langu ni la chuma, Pavunu ndiye wa kuogopewa." Tumbo likaanza kutoa damu usiku ule. Zahanati ya shamba ilikuwa imefungwa, mganga aliondoka na wenye shamba. Tulimbeba kwenye gunia, lilelile la kunyaushia majani, kuelekea mjini, na njiani akaniuliza, "Upepo umeanza?" Nikamwambia umeanza. Akasema, "Bado usichume." Ndilo neno lake la mwisho lililoeleweka.

Mdogo wangu, Agosti ile upepo ulikuwa ambao sijauona tangu nivunje ungo. Siku baada ya siku, bila tone. Jani likinukia mkononi hata kabla ya kuvunjika. Nilikuwa na unajisi wa msiba mwilini, lakini asiyechuma hapewi posho, basi nilichuma. Nilikuwa nachuma chai ya mwanangu na kuitia kwenye kikapu cha shamba. Ikaenda mnadani Colombo ikasifiwa. Meneja akafurahi akatugawia biskuti, mbili kila mchumaji. Nilikula, Sangili. Nilizila zote mbili nimesimama palepale, na zilikuwa tamu.

Watu wa kiwandani husema jani likiteseka ndipo linapotoa utamu. Kwa jani ni kweli. Kwa mtu nimetazama kwa macho yangu, na si kweli.

Mbona nilikudanganya? Barua yako ya Agosti ilifika Septemba. Ukaandika kwamba msichana huanza kusoma kutoka chini. Nikaona kwamba kuna mahali pamoja duniani ambapo mwanangu bado ana mchumba, bado anangojwa, bado anacheka. Nikasema nimwache pale kidogo. Siku chache tu. Kufika Oktoba mvua ilikwisha kuanza, lakini nikachuma hivyo hivyo na kukaushia jikoni. Nilijua chai itanisema. Labda nilitaka inisemee, maana mkono wangu ulikataa. Na jina la Murugan sikuliweka kwa kuwa siwezi kumweka yeye juu ya uongo.

Pasi zimefika, ya kwangu na ya kwake. Yake ina picha. Amenyoa vizuri. Yangu nimeirudisha, siondoki mlima aliolala.

Namfungua Pavunu. Mpeni huyo dereva. Usimwambie binti juu ya gunia.

Dada yako

&nbsp;

*Murugan ni msaada wetu*

Kotagiri
15 Juni 1975

Dada yangu,

Niliisoma nje. Nilioga. Nikaoga tena. Barua niliichana, lakini maneno ya kwangu, yale ya Desemba, siwezi kuyachana, yako kwako. Nilisema "kama ana haya." Kwa mtu aliyelala kaburini. Nimekwenda kwa miguu mpaka hekalu la juu na kuyalaza yote mbele ya Murugan, lakini wewe ndiye wa kunisamehe.

Pavunu hakulia mbele yetu. Alitoa kile kitambaa kilichofungia chai ya kwanza, ile ya kweli, akakinusa, akakirudisha. Baada ya wiki kadhaa akamwambia mama yake, "Niozesheni."

Nimekawia kukujibu kwa sababu ya jambo ninalotaka kukuomba, na sina uso wa kuliomba.

Neno lile la hasira yangu limeenea. Mama Masanam anajua kuwa Ayyakannu yuko Colombo na mke. Nilikwenda nimweleze ukweli. Kabla sijafungua mdomo akaanza yeye kunihadithia habari ya msichana wa kambi ya chini, mchumba wake alikufa kwa homa. "Maskini binti," akasema, "mzuri, lakini nani atamchukua? Nyota yake imekula mtu." Nikanywa chai yake nikaondoka.

Wakijua kwamba amefariki, Pavunu atazeeka kwenye kibanda hiki cha matawi. Na mama yule hakubali neno langu peke yake. Anataka barua ya shangazi, isomwe kwa sauti mbele ya watu: kwamba mwanao ameoa, na haki yake ameiacha. Yenye manjano kwenye pembe, kama barua ya heri. Na ni mtu wa dini, kitu cha kwanza atakachotazama ni jina la Murugan juu.

Najua ninachokuomba. Kama mkono wako utakataa, sitakulaumu maisha yangu yote.

Ndugu yako, asiyestahili,
Sangilimuthu

&nbsp;

*Murugan ni msaada wetu*

Shamba la Kalmalai, Haputale
24 Agosti 1975

Ndugu yangu Sangilimuthu, na ninyi nyote mtakaosikia barua hii ikisomwa,

Nimepaka manjano pembe zote nne kwa mkono wangu, nanyi mnayaona.

Mwanangu Ayyakannu ameoa. Ameondoka bila kuniaga vizuri, kama vijana walivyo, na mimi mama yake nilikasirika sana, nikakataa kula, nikagombana hata na Mungu. Sasa nimenyamaza. Huko aliko hana shida. Hafanyi kazi ya jua, hashikwi tena na njaa, na tangu aondoke hajaniomba kitu. Hatarudi kudai haki ya mtu yeyote. Kama yupo mwenye hofu kwamba siku moja atagonga mlango, namwapia kwa jina lililo juu ya karatasi hii: hatagonga.

Kwa hiyo mimi Pechiyamma, shangazi wa Pavunu, narudisha tambuu na popoo badala ya lile nililopewa stesheni, navyo vimo humu. Binti yuko huru.

Dada yangu mama Masanam, hatujaonana. Nakukabidhi mtoto niliyemwita mkwe tangu akiwa na meno ya maziwa. Hana mkosi. Nasema hivi mimi niliyekuwa na haki ya kusema vinginevyo. Akikawia kuamka siku za mwanzo umvumilie. Akipenda kukaa peke yake mwezi wa Agosti, mwache akae.

Nimeweka chai kidogo kwa ajili ya harusi. Mwaka huu upepo ulichelewa. Nilitaka kuchuma Jumatatu nikasita, jani halikuwa limesikia kiu. Jumatano nikasita. Wingu liliposimama upande wa mashariki nikapanda mbio na miguu yangu hii, wenzangu wakinicheka, nikawahi. Nimeinyausha mlangoni kwenye gunia lilelile.

Wageni wapikieni na maziwa, watafurahi. Pavunu asitie.

Haikunyeshewa.

Mama yake Ayyakannu,
Pechiyamma